Arthur Ashe na Somo la Inchi Mbili

Ndugu zangu wanafunzi wa zamani, na ninyi wadogo zetu mlioko madarasani hivi sasa,

Kila tunapokutana kwa sherehe yetu, hakosekani ndugu mmoja wa kuuliza habari za uwanja wa tenisi. Mnaukumbuka: ule ulio nyuma ya nyumba za walimu, uliojengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya walimu Wazungu na wageni wao. Sisi tulioingia kidato cha kwanza mwaka 1995 tuliukuta umepasuka, nyasi zimeota katika nyufa, na wavu haupo. Tuliutumia kuanikia mahindi ya shamba la shule, na siku za Jumamosi kuanikia nguo. Miongoni mwetu hapakuwa na hata mmoja aliyepata kushika raketi. Hata hivyo, ni katika uwanja huo nilipoisikia kwa mara ya kwanza habari ya mchezaji tenisi aliyenifundisha mambo mengi kuliko mchezaji mwingine yeyote. Kwa kuwa Mhariri ameniomba makala ya historia, nimeona niandike habari zake.

Ilikuwa hivi. Mwaka 1996, nikiwa kidato cha pili, nilikuwa beki wa timu ya shule ya mpira wa miguu. Siku moja tulicheza na majirani zetu, na mwamuzi akawapa penalti ambayo mimi niliona si halali. Nikamwendea mbio, nikampigia kelele, nikamsukuma kifuani kwa kidole. Nikatolewa nje, tukafungwa, na Jumatatu nikaitwa mbele ya paredi. Adhabu yangu ilikuwa kung'oa nyasi zote katika nyufa za uwanja wa tenisi kwa muda wa wiki nzima.

Siku ya tatu mwalimu wetu wa historia akapita, akaketi juu ya ukingo wa saruji, akaniuliza kama mwamuzi yule alikosea kweli. Nikamjibu kwamba alikosea, na kila mtu aliona. Akainama, akaweka vidole vitatu kando ya mstari mweupe uliokuwa umefifia, akasema: "Huko Marekani kulikuwa na kijana mweusi aliyefundishwa kwamba mpira ukianguka nje ya mstari kwa kiasi hiki, yeye aurudishe kana kwamba umeanguka ndani, wala asiseme neno." Nikamuuliza ni kwa nini. Naye akaanza kunihadithia.

UTOTO KATIKA BUSTANI

Arthur Ashe alizaliwa tarehe 10 Julai, 1943, katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia, kusini mwa Marekani. Katika miji ya huko wakati ule, Weusi na Weupe walitengwa kwa sheria: shule mbali, viti vya basi mbali, viwanja vya michezo mbali. Baba yake alikuwa mlinzi na mwangalizi wa Brook Field, bustani ya michezo ya Weusi, na familia ilipewa nyumba ndani ya bustani hiyo hiyo. Viwanja vya tenisi vilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni. Mama yake alifariki dunia mwaka 1950, Arthur akiwa na umri wa miaka 6. Baba akawalea watoto wake wawili kwa mkono mkali: alipima muda wa kutembea kutoka shuleni hadi nyumbani, akaona ni dakika 12, na kuanzia hapo Arthur alitakiwa awe amefika nyumbani kwa dakika 12 bila ya udhuru.

Kijana mmoja mwanachuo, Ron Charity, aliyekuwa akifundisha tenisi katika bustani ile, alimwona mtoto huyu mwembamba akitazama wakubwa wakicheza, akampa raketi. Baada ya miaka michache akampeleka kwa Dakta Robert Walter Johnson, tabibu mweusi wa mji wa Lynchburg, ambaye alikuwa na uwanja wa tenisi nyumbani kwake na kila kiangazi aliwakusanya vijana weusi kuwafundisha. Dakta Johnson ndiye aliyekuwa amemsaidia Althea Gibson, mwanamke mweusi wa kwanza kutwaa taji la Wimbledon, ambaye alilitwaa mwaka 1957 na tena mwaka 1958.

Hapo ndipo lilipotoka somo la inchi mbili. Dakta Johnson alijua kwamba mashindano ya Weupe yalikuwa yakitafuta kisingizio tu cha kuwafukuza vijana wake. Akawafundisha kuwa mpira ukianguka nje kwa inchi mbili au pungufu, wauhesabu kuwa umo ndani. Wasibishane na mwamuzi, wasitupe raketi, na wakati wa kubadilishana upande wamkabidhi mpinzani mipira kwa adabu. Kijana wa Kizungu akikasirika, ataambiwa ana hasira. Kijana mweusi akikasirika, itasemwa kwamba watu wake wote hawafai kuingia uwanjani.

Ndugu wasomaji, somo hili si tamu. Kumwambia aliyeonewa ajizuie, ilhali aliyemwonea hadaiwi kitu, ni dhuluma juu ya dhuluma. Lakini Dakta Johnson hakuwa akiwafundisha vijana wake kuridhika, bali kuingia mahali ambapo mlango ulikuwa umefungwa.

KUPANDA KWA ASHE

Katika Richmond viwanja vya ndani vya majira ya baridi vilikuwa vya Weupe peke yao. Kwa hiyo mwaka 1960 Ashe alihamia St. Louis kumalizia shule ya sekondari, ili apate kufanya mazoezi mwaka mzima. Kutoka hapo alipata nafasi ya kusoma bure katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles. Mwaka 1963 akawa mchezaji mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika timu ya Marekani ya Kombe la Davis. Mwaka 1965 akawa bingwa wa vyuo vikuu vya nchi nzima, na mwaka 1966 akahitimu shahada ya utawala wa biashara. Nawaomba wadogo zangu waitazame hesabu hiyo: shahada ilitangulia, mataji makubwa yakafuata.

Alipohitimu aliingia jeshini akiwa luteni. Wakati huo vita vya Vietnam vilikuwa vikiendelea. Mdogo wake, Johnnie, aliyekuwa askari, alijitolea kurudi vitani kwa mara ya pili ili kaka yake asipelekwe. Yafaa tulikumbuke jambo hili kila tunapomsifu mtu mmoja kwa mafanikio yake: mara nyingi yuko mwingine aliyeubeba mzigo wake.

Mwaka 1968 mashindano ya wazi ya Marekani yaliwaruhusu kwa mara ya kwanza wachezaji wa kulipwa kucheza pamoja na wale wa ridhaa. Ashe, ambaye bado alikuwa mchezaji wa ridhaa, alifika fainali akamshinda Tom Okker wa Uholanzi kwa seti tano: 14-12, 5-7, 6-3, 3-6, 6-3. Akawa mwanamume mweusi wa kwanza kutwaa taji hilo. Zawadi ya mshindi ilikuwa dola 14,000, lakini kwa kuwa Ashe hakuwa mchezaji wa kulipwa, fedha zilikwenda kwa Okker aliyeshindwa. Bingwa alipata posho ya dola 20 kwa siku.

Ulikuwa mwaka mzito. Martin Luther King aliuawa mwezi wa Aprili. Mwezi wa Oktoba, katika Michezo ya Olimpiki kule Mexico, wanariadha Tommie Smith na John Carlos waliinua ngumi zao jukwaani wakafukuzwa kambini. Muhammad Ali alikuwa amekwisha kunyang'anywa ubingwa kwa kukataa jeshi. Ashe alisimama akipeana mikono, amevaa nyeupe, anasema kwa sauti ya chini. Vijana wengi weusi walimwona mpole mno.

MLANGO WA JOHANNESBURG

Nafika sasa kwenye jambo ambalo mwalimu wangu alilisimulia kwa kirefu, maana linatuhusu sisi Waafrika.

Ashe aliomba ruhusa ya kwenda kucheza Afrika Kusini, akanyimwa na serikali ya makaburu. Akadai nchi hiyo iondolewe katika Kombe la Davis, na mwaka 1970 ikaondolewa. Mwaka huo huo serikali ya Marekani ilimtuma pamoja na Stan Smith kuzuru nchi kadhaa za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo. Mwaka 1971 alizuru tena Afrika, na kule Yaoundé, Cameroon, akamwona mtoto wa miaka 11 mwenye kipaji kikubwa. Akawaarifu wakuu wa tenisi wa Ufaransa, na mtoto akapelekwa huko kufundishwa. Jina lake Yannick Noah, na mwaka 1983 alitwaa ubingwa wa Ufaransa.

Mwaka 1973 makaburu walimpa Ashe ruhusa. Naye alitoa sharti lake: watazamaji wa Ellis Park wasitengwe kwa rangi. Mwezi wa Novemba akaenda Johannesburg. Katika fainali alishindwa na Jimmy Connors, lakini akatwaa taji la wawili wawili pamoja na yule yule Tom Okker. Watu wa Soweto walimwita Sipho, yaani zawadi. Mwenyewe alisimulia kuhusu mvulana mmoja aliyekuwa akimfuata kila mahali. Alipoulizwa sababu, mvulana akajibu kuwa huyu ni mtu mweusi wa kwanza kumwona aliye huru kweli.

Lakini wako waliomlaumu uso kwa uso, waandishi wa habari weusi wakiwa miongoni mwao. Walimwambia kuwa kuja kwake kunawapaka makaburu rangi ya ustaarabu, na kwamba akiondoka viti vitatengwa tena.

Huku kwetu lawama hiyo ilieleweka vizuri. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na msimamo ulikuwa kuwatenga makaburu katika kila jambo. Tanzania ilitoa zaidi ya maneno. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 kule Christchurch, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Ulimwengu mzima ulisubiri kumwona akikimbia na John Walker wa New Zealand katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Hakukimbia. Timu ya rugbi ya New Zealand ilikuwa Afrika Kusini, na Tanzania, pamoja na nchi nyingine nyingi za Afrika, haikushiriki. Walker akatwaa medali ya dhahabu. Bayi alilipa kwa miguu yake gharama ya kutokwenda.

Nilimuuliza mwalimu: nani alikuwa sahihi, aliyekwenda au aliyebaki? Hakunijibu. Aliniambia niendelee kung'oa nyasi.

WIMBLEDON, 1975

Tarehe 5 Julai, 1975, Ashe alikutana na Connors katika fainali ya Wimbledon. Ashe alikuwa amebakiza siku tano kutimiza miaka 32. Connors alikuwa na miaka 22, bingwa mtetezi, na karibu kila mtu alimpa ushindi. Tena hawakuwa na maelewano: Ashe alikuwa rais wa chama cha wachezaji wa kulipwa, na Connors alikuwa amemfungulia mashtaka ya kumchafulia jina.

Connors alipenda mpira wenye nguvu, kwani nguvu ya mpinzani ndiyo aliyoigeuza kuwa silaha. Basi Ashe, ambaye siku zote alisifika kwa kupiga kwa nguvu, akamnyima kitu hicho. Alimpelekea mipira laini na ya chini upande wa mkono wake, akaanzisha mipira ya kupinda iliyomtoa nje ya uwanja, na alipokaribia wavu akampigia mipira ya juu. Wakati wa mapumziko aliketi amefumba macho. Alishinda 6-1, 6-1, 5-7, 6-4. Mpaka ninapoandika makala haya, hajatokea mwanamume mwingine mweusi aliyetwaa taji hilo.

Mtu aliyefunzwa kujizuia tangu utotoni alikuwa amekifanya kujizuia kuwa mbinu ya ushindi.

NUSU YA SOMO

Hapa nina ungamo. Mimi nililishika somo la inchi mbili kwa nguvu zote. Sikugombana tena na mwamuzi. Nilimaliza shule, nikaenda Chuo Kikuu, nikaajiriwa serikalini, nikajulikana kuwa mtu mtulivu. Mwaka 2009, nikiwa afisa mdogo katika ofisi ambayo sitaitaja, jalada la mjane mmoja lilifika mezani kwangu. Alikuwa akidai mafao ya marehemu mumewe, na karatasi zake zote zilikuwa kamili. Mkubwa wangu akaniagiza niliweke chini ya mengine mpaka mama yule "atakapoelewa la kufanya." Nikaliweka. Mama alikuja mara nne. Kila mara nilimwamkia shikamoo, nikampa kiti, nikazungumza naye kwa upole. Mara ya tano hakuja.

Nilijiambia kwamba huo ni ustahimilivu wa Ashe. Ndipo nilipotafuta kusoma habari za maisha yake baada ya Wimbledon, ambazo mwalimu hakuwahi kunimalizia, nikaona aibu.

Ashe alipatwa na ugonjwa wa moyo mwaka 1979, akapasuliwa, na mwaka 1980 akastaafu mchezo akiwa na miaka 36. Aliiongoza timu ya Marekani kutwaa Kombe la Davis mwaka 1981 na 1982. Kuhusu makaburu, alibadili njia. Alikwisha kuona kwamba kwenda hakutoshi. Mwaka 1983, yeye na mwimbaji Harry Belafonte walianzisha umoja wa wasanii na wanamichezo wa kupinga ubaguzi, uliowataka wenzao wasikanyage Afrika Kusini. Tarehe 11 Januari, 1985, alikamatwa na polisi mbele ya ubalozi wa Afrika Kusini mjini Washington katika maandamano. Mtoto aliyefundishwa asibishane na mwamuzi alitiwa pingu akiwa na miaka 41, naye alikwenda huku akijua kwamba atakamatwa. Alirudi Afrika Kusini mwaka 1991, baada ya Mandela kufunguliwa, kuona mabadiliko yaliyokuwa yameanza.

Hakuacha elimu pia. Alipoona hakuna kitabu cha kutosha juu ya historia ya wanamichezo weusi wa Marekani, alitumia miaka na fedha zake mwenyewe kuandika "A Hard Road to Glory", juzuu tatu zilizotoka mwaka 1988.

Mwaka huo huo wa 1988 aligundulika kuwa na virusi vya UKIMWI, ambavyo inaaminika alivipata kwa damu aliyoongezewa alipopasuliwa moyo mara ya pili mwaka 1983. Gazeti moja lilipokaribia kutoa siri hiyo, aliitangaza mwenyewe tarehe 8 Aprili, 1992. Wenzangu wa rika langu mnakumbuka jinsi ugonjwa ule ulivyonong'onwa vijijini mwetu miaka ile, na jinsi tulivyozika watu bila ya kutaja kilichowaua. Yeye aliutaja, akaanzisha mfuko wa kupambana nao. Alipata kuandika kwamba mzigo wa rangi yake ulikuwa mzito kuliko ugonjwa huo. Tarehe 9 Septemba, 1992, akiwa mgonjwa, alikamatwa tena mbele ya Ikulu ya Marekani kwa kuwatetea wakimbizi wa Haiti. Alifariki dunia tarehe 6 Februari, 1993, akiwa na miaka 49.

Nilipoyasoma hayo nilielewa kwamba nilikuwa nimejifunza nusu ya somo. Inchi mbili zilikuwa haki ya Ashe mwenyewe, naye aliweza kuisamehe. Haki ya wengine hakuwahi kuisamehe hata inchi moja. Mimi nilikuwa nimesamehe mpira uliokuwa wa mjane.

Niliandika dokezo juu ya jalada lile, nikaweka jina na sahihi yangu. Malipo yalitoka. Miezi miwili baadaye nikahamishiwa wilaya nyingine, mbali na familia yangu. Nilipokwenda kumwona mama yule, niliambiwa kuwa watoto wake wawili walikuwa wamekwisha acha shule wakati jalada likiwa chini ya mengine. Jambo hilo sahihi yangu haikuweza kulirudisha.

Mjini Richmond kuna barabara kuu iliyokuwa imejaa sanamu za majemadari waliopigana vita ili utumwa udumu. Mwaka 1996 sanamu ya Ashe ilisimamishwa kwenye barabara hiyo, ameshika vitabu kwa mkono mmoja na raketi kwa mwingine, watoto wamemzunguka. Wako waliopinga. Mwaka 2020 na 2021 sanamu za majemadari ziliondolewa, ya mwisho ikiwa ya Jemadari Lee. Ya Ashe imebaki.

Nawageukia sasa wadogo zangu mlioko shuleni. Swali langu la mwaka 1996, juu ya aliyekwenda na aliyebaki, bado silijui jibu lake. Ninalojua ni kwamba wote wawili, Ashe na Bayi, walilipa kutoka mfukoni mwao, na hakuna aliyemlipisha mwingine. Mkitoka hapa mtapewa madaraka makubwa na madogo, na siku moja jalada la mtu litawekwa mezani penu. Muwe na adabu, lakini dokezo mliandike siku hiyo hiyo.

Kamati yetu imeamua kuukarabati uwanja wa tenisi, na orodha ya michango itafunguliwa siku ya sherehe. Ufundi wa saruji naambiwa umekwisha kupata mwenyewe. Mimi nimeahidi wavu na raketi nane. Nyasi za nyufani nawaachia watakaobishana na waamuzi mwaka huu.